Simu Maana Yake Waya: Mwongozo wa Siku Intaneti Inapokatika

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, asubuhi, Watanzania wengi walifanya jambo moja bila kuagana: walizima simu wakaziwasha tena. Haikusaidia. Wengine wakatoa laini, wakaifuta kwa ncha ya shati, wakairudisha. Wengine wakaenda kununua bando jipya juu ya bando ambalo bado halijaisha. Kenya, Uganda na Rwanda nako watu walikuwa wakitazama kiduara kinachozunguka bila kufika mwisho. Simu hazikuwa mbovu, na bando halikuwa limeibwa. Tatizo lilikuwa chini ya bahari, mbali kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, ambako mikongo miwili ya kupitishia intaneti, inayoitwa EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika.

Aliyenunua bando la pili siku hiyo alitupa pesa yake. Aliyejua intaneti yake inapita wapi alizima data, akapiga menyu ya nyota na reli, akalipa alichotaka kulipa na kuendelea na Jumapili yake. Tofauti kati ya hawa wawili haikuwa simu ya bei kubwa. Ilikuwa kujua njia, na njia hiyo inajifunzika.

Neno lenyewe linatoboa siri

Siku hizi tunasema intaneti iko “hewani”, na faili zetu tunaambiwa ziko “kwenye wingu”. Lakini lugha yetu ilikwisha kusema ukweli zamani. Neno simu limetoka Kiajemi, ambako maana yake ni waya. Lilipoingia pwani katika karne ya 19 lilikuwa jina la telegrafu na ujumbe uliopitia humo. Baadaye ilipokuja mitambo ya redio isiyohitaji waya, watu walilazimika kuongeza neno ili waeleweke: simu ya upepo.

Na waya wenyewe ulikuwa wa baharini tangu mwanzo. Januari 22, 1879, jeshi la Uingereza lilipigwa vibaya na Wazulu huko Isandlwana. Habari hiyo ilifika London Februari 11, siku 20 baadaye, kwa kuwa ilibidi isafiri kwa meli hadi ifike mahali penye waya katika bahari ya Atlantiki. Kwa dola iliyokuwa vitani, kuchelewa huko hakukuvumilika. Kabla mwaka ule haujaisha, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imetandaza mkongo kutoka Aden kuja Zanzibar, kisha Msumbiji, hadi Durban. Unguja ya Seyyid Barghash ikawa imefungwa uzi mmoja na Aden, na kupitia Aden ikaunganishwa na Bombay na London.

Kwa wafanyabiashara wa karafuu na pembe, bei za masoko ya mbali zilianza kufika kabla ya meli. Lakini waya ule haukuleta bei peke yake. Agosti 1896, Seyyid Khalid bin Barghash alipoingia kwenye kasri baada ya kifo cha Seyyid Hamad, balozi wa Uingereza mjini humo alipeleka simu London kuomba ruhusa ya kutumia mizinga ya manowari. Jibu lilifika kesho yake. Tarehe 27 asubuhi mizinga ilinguruma, na vita vikaisha ndani ya muda usiofika saa moja.

Sasa chukua ramani na ufuate njia hiyo ya 1879 kwa kidole: Aden, Zanzibar, Msumbiji, Durban. Kisha fuata njia ya mkongo wa EASSy wa mwaka 2010: Port Sudan, Djibouti, Mogadishu, Mombasa, Dar es Salaam, Maputo, Mtunzini, kijiji cha pwani kaskazini mwa Durban. Kidole chako kitapita karibu pale pale. Karne imepita na zaidi, shaba imekuwa kioo, lakini mlango wetu wa kutokea duniani bado una pande mbili kuu: kaskazini kupitia Bahari ya Shamu na Ghuba, au kusini kuzunguka Afrika. Ukikumbuka hilo moja, habari nyingi za kukatika kwa intaneti zitaeleweka zenyewe.

Miaka ya kusubiri

Mwaka 1966, Charles Kao na mwenzake George Hockham, wakifanya kazi katika maabara moja ya Uingereza, walionyesha kwamba mwanga haufifii ndani ya kioo kwa sababu ya kioo chenyewe. Hufifia kwa sababu ya uchafu uliomo. Kisafishe kioo vya kutosha, na mwanga utabeba mazungumzo masafa marefu. Desemba 1988 mkongo wa kwanza wa nyuzi za kioo ulianza kazi chini ya Atlantiki, ukiunganisha Ulaya na Marekani.

Sisi tuliendelea kusubiri. Kenya ilikuwa na kituo cha setilaiti cha Longonot tangu mwaka 1970, na kwa miongo mingi mawasiliano ya nchi zetu na ng’ambo yalitegemea setilaiti. Setilaiti za aina ile hukaa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ikipanda na kushuka, karibu robo ya sekunde imekwisha kupotea, na jibu likirudi ni robo nyingine. Wanaokumbuka kupiga simu Ulaya miaka ya 1980 wanakumbuka kile kimya kifupi kilichofanya watu wawili waanze kusema kwa pamoja. Gharama nayo ilikuwa ya kuumiza.

Kisha ukaja mwaka 2009. Juni, mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Julai 23, mkongo wa Seacom, wenye urefu wa takriban kilomita 17,000, ulizinduliwa ukiwa na vituo Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka uliofuata EASSy ikaanza kazi. Na ni mwaka huo huo wa 2009 ambapo Charles Kao, akiwa mzee, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Wazo lake lilikuwa limechukua miaka 43 kufika kwetu.

Waganda, Wanyarwanda na Warundi hawana bahari, lakini wanategemea mikongo hiyo hiyo. Kutoka Mombasa na Dar es Salaam data hupanda bara kwa nyuzi zilizofukiwa ardhini, ukiwemo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania. Ndiyo maana nanga ikikosea njia pwani, Bujumbura nako huumia.

Kilichomo ndani ya mkongo

Mkongo wa kina kirefu cha bahari una unene wa mpira wa kumwagilia bustani, basi. Katikati kuna nyuzi chache za kioo, kila mmoja mwembamba kama unywele. Zimezungushiwa nyaya za chuma za kuzuia mkongo usivutike, kisha bomba la shaba, kisha plastiki ngumu. Shaba hiyo haibebi ujumbe, inabeba umeme. Mwanga hufifia ukisafiri, kwa hiyo kila baada ya kilomita 60 hadi 100 huwekwa kifaa cha kuukuza, na vifaa hivyo hulishwa umeme kutoka ufukweni.

Karibu na pwani, ambako kuna meli na wavuvi, mkongo huongezewa deraya ya chuma na mara nyingi hufukiwa kiasi cha mita moja chini ya mchanga. Kwenye kina kirefu hulazwa tu sakafuni.

Ndani ya kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya kilomita 5,000, karibu sawa na Mombasa hadi Fujairah kwa njia ya mkongo, huchukua sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Hiyo ni haraka mara kumi kuliko kupanda na kushuka kwenye setilaiti ile ya kilomita 36,000. Mikongo ya namna hii ndiyo inayobeba karibu data yote inayovuka bahari duniani. Hata setilaiti mpya zinazopita chini, kama za Starlink zilizoanza huduma Kenya mwaka 2023, hushusha data kwenye vituo vya ardhini, na vituo hivyo navyo vimeunganishwa na mikongo.

Nani anaukata?

Ukiuliza kijiweni utaambiwa ni papa. Papa wamewahi kuonekana wakiuma mikongo, lakini wao ni sehemu ndogo mno ya hesabu. Duniani kote hutokea hitilafu 150 hadi 200 za mikongo kila mwaka, yaani tatu au nne kwa juma, na nyingi kati ya hizo husababishwa na nanga za meli na zana za uvuvi wa kukokota. Sehemu iliyobaki ni mambo ya maumbile na vifaa kuchakaa.

Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilishusha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata mkongo wa TEAMS. Siku chache kabla, mikongo mingine ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu, ikiwemo EASSy. Agosti 2023 mporomoko wa matope katika bonde refu la chini ya bahari, pale mto Kongo unapoingia Atlantiki, ulikata mikongo miwili ya Afrika Magharibi. Na Januari 2022 volkano ililipuka karibu na Tonga, ikaukata mkongo pekee wa kimataifa wa nchi hiyo. Kisiwa kikuu kilikaa majuma matano bila mkongo.

Mkasa wa Mei 2024 ulikuwa na mizizi mirefu zaidi. Februari ya mwaka huo, meli ya mizigo Rubymar ilishambuliwa na Wahouthi wa Yemen, ikaanza kuelea ovyo ikiburuta nanga. Mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu ilikatika, na nanga hiyo ndiyo iliyolaumiwa. Mmoja wa iliyokatika ulikuwa wa njia ya kaskazini ya Seacom. Mlango wa kaskazini ukawa mwembamba, na data nyingi ikageuzwa kusini. Mei, mlango wa kusini nao ukapata ajali. Kenya, yenye mikongo mingine inayotua Mombasa, ilipepesuka ikasimama. Tanzania, iliyotegemea zaidi miwili ile iliyokatika, iliumia kuliko jirani yake.

Meli moja, bahari ndefu

Kwa nini matengenezo huchukua majuma? Kwanza, meli za kazi hii ni chache. Inayohudumia sehemu kubwa ya mwambao wa Afrika ni Léon Thévenin, meli ya Kifaransa yenye makao Cape Town, na Mei 2024 ndiyo iliyotumwa. Pili, meli inapaswa kupakia vipande vya mkongo wa aina ile ile, kupata vibali vya nchi yenye bahari, kisha kusafiri hadi eneo la ajali. Huko Bahari ya Shamu, vibali na usalama vilichelewesha kazi kwa miezi.

Mahali pa ajali hupatikana kwa hesabu. Mafundi wa ufukweni hurusha mwanga kwenye uzi na kupima muda unaochukua kurudi. Ukirudi baada ya sehemu moja ya mia ya sekunde, umesafiri kilomita 2,000 kwenda na kurudi, kwa hiyo ajali iko kilomita 1,000 kutoka hapo. Meli ikifika hushusha kulabu, huupandisha mkongo, hupima upande mmoja na kuufunga kwenye boya, kisha huenda kutafuta upande wa pili. Ncha mbili hazifikiani tena, kwa hiyo kipande kipya huungwa katikati, unywele kwa unywele, kwa joto. Bahari ikichafuka, kazi husimama.

Kwa hiyo ukisikia hitilafu iko baharini, usipange mambo yako kwa saa, yapange kwa majuma. Huduma huweza kurudi mapema kwa njia nyingine, lakini itakuwa nyembamba.

Utajuaje tatizo liko wapi?

Kabla hujatoa hata shilingi, pima hatua kwa hatua, kuanzia mkononi kwenda mbali.

1. *Simu yako.* Angalia salio la bando. Washa na uzime ile hali ya ndegeni. Jaribu programu mbili tofauti. Ikiwa moja tu ndiyo imekwama, tatizo ni la programu hiyo.

2. *Mtandao wako.* Muulize wa pembeni mwenye laini ya kampuni nyingine. Yake ikifanya kazi na yako haifanyi, tatizo ni la kampuni yako au mnara wa mtaa wenu. Umeme ukiwa umekatika eneo zima, mnara ndio mshukiwa wa kwanza.

3. *Ndani na nje ya nchi.* Fungua tovuti ya taasisi ya nyumbani, kisha ya ng’ambo. Ya nyumbani ikifunguka vizuri na ya ng’ambo ikisota, hiyo ni dalili kubwa ya mkongo. Dalili nyingine ni kampuni zote kulalamikiwa pamoja, nchi jirani kulia kilio hicho hicho, na kupiga simu na ujumbe mfupi kuendelea kama kawaida.

4. *Kukatika au kuzimwa.* Si kila giza ni la nanga. Uganda Januari 2021 na Tanzania Oktoba 2025, intaneti ilizimika wakati wa uchaguzi, na mikongo ilikuwa mizima. Kuzimwa huanza ghafla, huishia mpakani, na mara nyingine hugusa programu chache tu huku nyingine zikipita. Mkongo ukikatika haujali mpaka: huvuruga nchi kadhaa, na kila cha ng’ambo hupungua kasi pamoja.

Kuhakiki, tafuta taarifa ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako na ya kampuni yako kwenye kurasa zao wenyewe, au sikiliza redio. Wapo pia wapimaji huru wa mwenendo wa mitandao, kama Cloudflare Radar na NetBlocks, ambao huchapisha grafu za kila nchi. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi kwenye makundi, usio na tarehe wala jina la mkongo, usiutie moyoni.

La kufanya siku hiyo

Zima masasisho ya programu na upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Njia imekuwa nyembamba, na programu usizozitumia zinagombea nafasi na ile unayoihitaji.

Hamia kwenye sauti na ujumbe mfupi. Simu ya kawaida ndani ya nchi haipiti baharini.

Tumia menyu ya nyota na reli kwa pesa badala ya programu. Menyu hiyo hupita kwenye mfumo wa mtandao wa simu wenyewe, haihitaji bando. Itafanya kazi ilimradi mitambo ya kampuni iko karibu, na jambo hili halikuwa hivi siku zote: M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007, lakini mitambo yake ilikaa Ujerumani hadi mwaka 2015 ilipohamishiwa nyumbani. Kabla ya hapo, mtu wa Kibera aliyemtumia pesa jirani yake aliipitisha Ulaya.

Kama una kazi nzito ya kupakua au kutuma, ifanye usiku wa manane, watumiaji wanapopungua. Punguza ubora wa video. Kwenye mkutano wa mtandaoni zima kamera, sauti inahitaji nafasi ndogo.

Programu za kuficha njia, zinazojulikana kama VPN, hazisaidii mkongo ukikatika. Huongeza uzito, kwa kuwa hupeleka ng’ambo hata data ambayo ingebaki nyumbani.

Kwa mwenye biashara

Laini ya pili ni bima nzuri, lakini tu kama inapita njia tofauti. Kampuni mbili zinazokodi nafasi kwenye mkongo mmoja zitazimika pamoja. Muulize mtoa huduma wako maswali matatu, na umwombe ajibu kwa maandishi: Data yetu inatoka kwa mikongo ipi? Mmoja ukikatika, ni kiasi gani kitabaki? Kuna njia ya kaskazini na ya kusini, au ni ya upande mmoja? Akishindwa kujibu, umejifunza kitu.

Kama wateja wako wako Arusha au Kisumu, kwa nini tovuti yako ikae Virginia, Marekani? Nchi zetu zina vituo ambako kampuni za intaneti hubadilishana data bila kuitoa nje. Cha Nairobi kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa na mamlaka baada ya majuma machache, kikaruhusiwa tena mwaka 2002. Kabla yake, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi iliyo ng’ambo ya barabara ilipanda setilaiti, ikazunguka Ulaya au Marekani, ndipo irudi. Dar es Salaam nayo ina kituo chake. Tovuti iliyohifadhiwa nyumbani huendelea kufunguka kwa wateja wa nyumbani hata bahari ikiwa na msiba.

Na weka daftari. Duka lenye orodha ya bei, namba za wateja na stakabadhi za karatasi haliwezi kufungwa na nanga.

Jinsi ya kusoma taarifa

Habari za teknolojia zina lugha yake, na asiyeijua hudanganyika bila mtu kusema uongo.

*“Huduma imerejea”* haina maana kwamba mkongo umeungwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba data imepitishwa njia nyingine. Tazama kama taarifa inasema “matengenezo yamekamilika”.

*“Mkongo umefika”* haina maana umeanza kazi. TEAMS ulivutwa hadi ufukwe wa Mombasa Juni 2009, lakini data ilianza kupita miezi kadhaa baadaye. Mkongo mkubwa wa 2Africa, wa takriban kilomita 45,000, nao ulitua nchi moja baada ya nyingine kwa miaka.

*“Uwezo wa terabiti kadhaa”* ni uwezo wa juu kabisa wa mkongo mzima, kwa nchi zote, vifaa vyote vikishafungwa. Si kasi ya simu yako.

*“Kwa mara ya kwanza katika historia”* lipe muda. Agosti 1858, mkongo wa kwanza wa telegrafu uliovuka Atlantiki ulipopeleka salamu za Malkia Victoria kwa rais wa Marekani, New York ilisherehekea kwa fataki hadi paa la jengo la halmashauri ya jiji likashika moto. Salamu hizo za maneno 98 zilichukua saa 16 kufika. Baada ya majuma matatu hivi mkongo ulikufa, na uliodumu haukupatikana hadi mwaka 1866. Uzinduzi huandikwa siku moja, kudumu huchukua miaka. Mtu mwenye busara huuliza mwaka wa pili kulikoni.

Matapeli nao wanasoma habari

Mtandao ukiyumba, simu za udanganyifu hupata kisingizio kipya. Mtu atajitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, ataeleza habari ya mkongo kwa ufasaha, kisha ataomba namba yako ya siri au tarakimu ulizotumiwa “ili laini yako irejeshwe”. Mkongo hauungwi kwa namba yako ya siri. Hakuna fundi, baharini wala nchi kavu, anayeihitaji. Kata simu. Ukitaka uhakika, piga wewe namba rasmi ya kampuni.

Vivyo hivyo kwa viungo vya “fidia ya bando”. Fidia ikiwepo, kampuni huiingiza yenyewe.

Zoezi la dakika kumi

Leo jioni, zima data na waifai kwa dakika kumi. Jaribu kumtumia mtu pesa. Jaribu kumpigia mwanao shuleni au fundi wako: namba yake iko kwenye orodha ya simu, au uliizoea kwenye programu ya kuchati tu? Jaribu kufungua tiketi ya safari ya kesho, cheti cha kliniki cha mtoto, ramani ya njia usiyoijua. Angalia kama una noti mfukoni za nauli na chakula cha siku mbili.

Kila kitakachokukwamisha, kiandike. Namba ihamishe, tiketi ipige picha, ramani ipakue, menyu ya nyota na reli uikariri. Kisha washa data, urudi kwenye mambo yako. Meli zinaendelea kushusha nanga.